Silinda ya Tatu

Zahanati
Jumapili, 3 Februari

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Ajuza, gari lako kuukuu, naye alifika salama, lakini sasa nina mashaka naye, na ndiyo sababu ya barua hii.

Kwanza ujue nimefikia wapi. Zahanati ina vyumba vinne na veranda ya saruji. Muuguzi ni mimi peke yangu, pamoja na mhudumu mmoja wa makamo anayefagia, anayeandika kadi na anayejua ugonjwa wa kila mtu kabla hajafika mlangoni. Hospitali iko kilomita thelathini: unashuka bondeni, halafu unapanda mlima mmoja mkali ndipo uione. Gari la wagonjwa hakuna. Siku niliyofika watu walifurahia Ajuza kuliko walivyofurahia cheti changu.

Sasa ugonjwa wake. Kwenye tambarare anakwenda vizuri. Akianza kupanda, katikati ya mlima anashtuka, anakatika, anashika tena, kama mtu mwenye kwikwi. Nguvu zinaisha. Nyuma kunatoka harufu ya petroli, na mara mbili ekzosi imelipuka hadi mbuzi wa watu wakatawanyika. Fundi wa baiskeli hapa anasema gari linamisi, maana yake silinda moja inakosa moto. Mimi nimesema sifungui kitu mpaka nikuulize wewe.

Nimepanda kwenye mwamba nyuma ya shule, ambako simu inashika, nikakupigia mara tano. Inaita mpaka inakata. Hii ni wiki ya nne. Mama, kama bado una kinyongo kwamba nimekwenda mbali, niambie. Nilipoacha gereji nikasome uuguzi ulininyamazia msimu mzima. Sitaki tuanze upya.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la dawa. Anapita huku kila baada ya wiki mbili, na gereji yako anaijua.

Mwanao,
Kitindamimba

*

Gereji
Alhamisi, 14 Februari

Kitindamimba,

Marahaba. Sina kinyongo. Ningekuwa nacho mtaa mzima ungejua. Simu yangu ni mbovu, usinipigie. Andika. Barua haikatiki katikati ya sentensi.

Ajuza ana miaka thelathini na mmoja na injini yake nimeifumua na kuifunga mara mbili kwa mikono hii. Alipotoka hapa alikuwa anaimba. Kwa hiyo usianze kumtazama kwa jicho la mashaka kwa sababu fundi baiskeli amejifunza neno moja.

Ni plagi. Gari la umri wake likipanda mlima linadai cheche kali, na plagi iliyochoka haiwezi kuitoa. Nimekufungia mpya nne kwenye kitambaa. Subiri injini ipoe kabisa. Vuta waya kwa kushika kofia yake, si waya wenyewe. Puliza vumbi kabla hujafungua, lisiangukie ndani. Ukifunga mpya anza kwa vidole, spana baadaye. Vidole vikikwambia inagoma, rudi nyuma uanze tena. Ukilazimisha utaua nyuzi za injini, na hapo hata mimi sitakuwa na dawa. Nafasi ya mdomo wa plagi nimeshaipima kwa geji, usiiguse.

Usinieleze habari za fundi mwingine. Wananiita Masikio kwa miaka ishirini na mitano. Watu wanavuka mto na magari yao, wanawasha hapa mlangoni, na kabla hawajashuka nimeshawaambia kinachouma. Yule wa ng'ambo ya barabara amenunua kompyuta ya kuchomeka kwenye gari. Kompyuta ikishindwa, wateja wake wanajua pa kuja.

Mama mdogo wako anakusalimu. Anashona sare za shule tatu na haachi kulalamikia vifungo.

Mama yako,
Fundi

*

Zahanati
Ijumaa, 1 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimefungua, nimefunga, na Ajuza amepanda mlima juzi bila kwikwi hata moja. Mhudumu alikuwa kiti cha mbele. Tulipofika juu akasema hajawahi kumwona muuguzi mwenye mafuta meusi kwenye kucha. Nilijisikia vizuri, Mama. Sikutegemea.

Plagi za zamani nilizipanga kwenye trei ya chuma kwa mpangilio wa silinda, kama tunavyopanga vifaa vya kushonea jeraha. Nikazitazama kama ninavyotazama ndimi za wagonjwa. Ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa kavu, rangi ya kahawia iliyokolea kidogo. Ya tatu ilikuwa nyeusi tii, imelowa, inanuka petroli. Nikajiuliza: kama zote zimechoka sawa, mbona tatu zina ulimi wa mtu mzima na moja ina ulimi wa mgonjwa? Labda swali la kijinga. Nijibu ukipata nafasi.

Nilipanda tena kwenye mwamba. Simu yako haionekani kuwa mbovu, Mama. Inaita vizuri sana.

Mwanao,
Kitindamimba

*

Zahanati
Jumamosi, 9 Machi

Mama,

Jana mchana mwanamke mmoja alijifungulia hapa pacha wa kwanza. Wa pili alikuwa amelala kukingama tumboni, na hilo si la kufanyiwa zahanati. Nikamlaza kiti cha nyuma cha Ajuza, dripu nimeining'iniza kwenye kishikio cha juu ya dirisha. Mama mkwe wake akakaa mbele amempakata wa kwanza. Mumewe akadandia miguuni pa mkewe.

Bondeni tulishuka vizuri. Mlimani kulikuwa na ukungu. Hatukufika hata nusu, kwikwi zikaanza. Nikashuka gia. Akazima. Nikawasha, akaenda hatua ishirini, akazima. Mara ya tatu hakuwaka tena. Tulisukuma, mimi na mume, hadi viatu vikateleza kwenye matope.

Lori la mchanga lilitukuta baada ya dakika arobaini. Tulimlaza juu ya mchanga, juu ya godoro la dereva. Amepasuliwa. Yu hai, na watoto wote wawili wako hai. Lakini alipoteza damu ambayo hakupaswa kuipoteza, na dakika zile arobaini mimi nilizihesabu kwenye mshipa wa mkono wake.

Mama, uliniambia Ajuza anaimba. Uliniambia ni plagi. Sasa nakuuliza kama ambavyo mteja yeyote angekuuliza: gari hili linafaa au halifai? Watu huku wanaliamini kwa sababu mimi naliamini. Na mimi naliamini kwa sababu ni lako. Kama halifai sema, nililaze chini ya mti na nitafute njia nyingine.

Mwanao

*

Gereji
Jumapili, 17 Machi

Kitindamimba,

Barua zako mbili zimefika pamoja. Ya pili nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Namshukuru Mungu kwa mwanamke yule na watoto wake. Sina la kuongeza hapo.

Uliniuliza kuhusu plagi ya tatu. Halikuwa swali la kijinga. Jibu langu ndilo lilikuwa la kivivu: ukitupa plagi zote nne kwa mpigo umetupa na ushahidi. Plagi nyeusi iliyolowa petroli maana yake petroli inaingia silinda ya tatu lakini haiungui. Moto haufiki. Plagi mpya zilisaidia kwa muda kwa sababu zinawaka kwa umeme kidogo. Penye ukungu na mlima mkali, umeme wenyewe umeshindwa kufika, na mtikisiko wa silinda moja umewachosha wenzake wote.

Sasa fanya kama nitakavyosema, hatua kwa hatua, na uandike kila unachokiona. Usiniandikie unachodhani.

Kwanza, hamisha plagi ya tatu uiweke ya kwanza, na ya kwanza uiweke ya tatu. Endesha, halafu fungua utazame. Ugonjwa ukihama na plagi, plagi ni mbovu. Ukibaki kwenye silinda ya tatu, plagi haina kosa.

Pili, injini ikiwa inanguruma imesimama, vuta kofia ya waya wa plagi moja baada ya nyingine, kila moja uirudishe kabla ya kugusa nyingine. Tumia koleo lenye mpini wa plastiki na kitambaa kikavu. Glavu zako za hospitali ni nyembamba, zitakurusha hadi veranda. Kiganja cha mkono mwingine kiweke juu ya mfuniko wa injini. Ukivuta waya wa silinda iliyo hai, injini itatetemeka chini ya kiganja kama ng'ombe aliyeumwa na nzi. Ukivuta wa silinda iliyokufa, kiganja hakitaona tofauti.

Tatu, badilisha waya wa tatu na wa pili, ncha zote mbili, ili kila plagi ibaki na moto wake. Tazama tena.

Nne, fungua vile vibano viwili, vua kifuniko cha distributa, kile kikombe cheusi ambamo nyaya zote zinaanzia. Kipeleke kwenye jua. Tazama ndani polepole.

Kuhusu kufaa au kutofaa: usimpandishe mgonjwa mpaka tumalize. Nalisema hilo mimi, na halijanipendeza kulisema.

Mama yako

*

Zahanati
Jumamosi, 30 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimefanya yote kama ulivyoagiza. Naandika nilichoona.

Plagi nilizibadilisha. Baada ya kupanda na kushuka mara mbili, ile iliyokuwa silinda ya kwanza, yenye rangi ya kahawia, imetoka silinda ya tatu nyeusi na imelowa. Ile nyeusi niliyoihamishia ya kwanza imeanza kukauka. Ugonjwa haukuhama.

Nyaya nilivuta. Ya kwanza, injini ilitetemeka. Ya pili pia. Ya nne pia. Ya tatu, kiganja hakikuona kitu. Na ndiyo, kitambaa kilikuwa na unyevu, nikarushwa. Mhudumu alicheka mpaka akaketi.

Waya wa tatu na wa pili nilibadilisha. Silinda ya tatu bado imekufa, ya pili bado hai. Basi waya hauna kosa.

Kifuniko cha distributa nimekitazama juani. Kutoka kwenye nguzo ya tatu, ndani, unashuka mstari mweusi mwembamba kama uliochorwa na kalamu ya risasi. Nikapitisha ukucha: ni ufa. Umeme unakimbilia humo badala ya kwenda kwenye plagi. Ndiyo, Mama?

Nadhani ndiyo. Sasa naomba niandike jambo jingine, na hili pia ni nilichoona, si ninachodhani.

Asubuhi nilipoondoka, boneti ilikuwa wazi na injini inanguruma. Nilikwambia, "Mama, kuna kitu kinakohoa humu." Ukanijibu, "Ndiyo, nimekujazia tangi." Nikadhani una haraka.

Simu yako inaita na hupokei. Mwaka jana ulianza kumgeukia uso kila anayezungumza nawe, hata ukiwa chini ya gari unatoka kwanza. Katika barua zako umeniuliza rangi, umenieleza harufu, umenifundisha kutumia kiganja. Hujaniuliza hata mara moja Ajuza analia vipi. Wewe, ambaye zamani hukutaka mteja aeleze kitu, ulitaka awashe tu.

Wagonjwa wengi huja wakisema wanaumwa mguu, kumbe wamefuata jambo jingine wanaloogopa kulitaja. Huwa nawauliza taratibu, mlango ukiwa umefungwa. Hapa mlango ni bahasha.

Mama, ni masikio?

Mwanao,
Kitindamimba

*

Gereji, chumba cha mbele
Jumatatu, 8 Aprili

Mwanangu,

Ni mimi mama mdogo wako. Dada hajui kwamba naandika, au anajua na amejifanya hajui.

Barua yako aliisomea kwenye meza ya vyuma. Akaikunja, akaitia mfuko wa ovaroli, akaenda kufungua gurudumu ambalo halikuhitaji kufunguliwa. Akalifunga. Akalifungua tena. Halafu akaja kwenye cherehani yangu, akaniuliza nani amekwambia. Nikainua uso auone mdomo wangu, nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi amelijua kwa barua." Mwanangu, sikujua kama ni hasira. Baadaye nikaona anatabasamu peke yake, huku machozi yanamshuka.

Mimi nimelijua kwa miaka miwili. Tulikubaliana nisiseme. Mteja akiingia napepesa taa ya chumba changu, inaonekana hadi gereji. Mteja akieleza shida ya gari, nasogea na kikombe cha chai, namrudishia maneno kwa midomo. Watu wanaona nimekuwa mama wa chai. Nimechoka, tena si kwa sababu ya chai. Nimechoka kumwona anacheka pale wenzake wanapocheka, amechelewa kidogo.

Siku hizi akitaka kujua injini ina nini, huuma mpini wa bisibisi, ncha yake ikagusa chuma cha injini, halafu anafumba macho mtikisiko umpandie menoni. Wateja wanadhani ni mbwembwe. Na mara nyingi anapata. Fundi ni fundi.

Usimwandikie kwa huruma, atachana. Mwandikie kama ulivyoandika.

Mama mdogo wako

*

Gereji
Jumatatu, 15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Ni masikio, ndiyo. Kwanza ulipotea mlio mwembamba wa vali. Halafu waya ukivuja umeme, ile tik-tik yake sikuisikia tena. Halafu watu. La kushoto limeondoka kabisa, la kulia linasikia mambo kama yako ndani ya ndoo. Nilinyamaza kwa sababu jina langu mjini ni Masikio. Nilijiuliza: mtu akishajua kuwa Masikio hana masikio, ataleta gari au ataleta pole? Mimi pole situmii.

Sasa sikiliza hili, maana ni zito kuliko hilo. Siku moja kabla hujaondoka nilivua kifuniko cha distributa nikifute. Kikaniponyoka, kikagonga sakafu. Zamani ningesikia kama kimelia kizima au kimelia kimepasuka, kama unavyogonga sahani dukani. Nilikiokota, nikakitazama haraka, nikakirudisha. Asubuhi nikawasha, nikatazama injini inavyocheza, nikakwambia anaimba. Sikuwa nimemsikia. Nilikusikia unasema kitu nikakisia. Kisha ukapanda gari hilo, na baadaye mwanamke yule naye akapandishwa humo.

Siandiki haya ili unisamehe. Nayaandika kwa sababu fundi akikosea humwambia mwenye gari. Nimewafundisha wengi hivyo na nimewafukuza wawili kwa kutofanya hivyo.

Ufa ndio wenyewe. Umeufikia bila mimi kuwapo, bila kifaa, kwa barua mbili na kiganja. Nimekuwa na mafundi waliokula chumvi ya gereji hii miaka kumi ambao wangebadilisha kabureta kwanza. Ulipoondoka kwenda uuguzi nilisema maneno juu ya mikono yako. Sitayaandika hapa, nawe usiyakumbuke. Nilikosea.

Dereva anakuletea kifuniko. Nimekitoa kwenye gari la rika la Ajuza lililolala nyuma ya gereji. Nimekitazama kwa lenzi juani nusu saa, na mafundi wangu wawili nao wamekitazama, kila mmoja kwa zamu yake. Badilisha rota pia, ile ya katikati inayozunguka, iko kwenye karatasi. Hamisha nyaya moja moja kutoka kifuniko cha zamani kwenda kipya, usizivue zote kwa pamoja, utachanganya mpangilio.

Jumamosi niliwaambia watu. Nilizima injini zote, nikasimama katikati ya gereji, nikasema kwamba kwa miaka miwili sisikii, na kwamba nimemkosea mwanangu kwa kulificha. Mwenye mabasi alikuwapo. Akaniuliza, nikamsoma mdomoni: "Kwa hiyo mabasi yangu mwaka jana uliyatengeneza bila kusikia?" Nikasema ndiyo. Akafikiri, kisha akasema, "Basi yule wa ng'ambo mwenye masikio mawili na kompyuta ana kisingizio gani?" Watu wakacheka na safari hii nilicheka kwa wakati, maana nilikuwa namtazama.

Nimeweka daftari mlangoni. Mteja anaandika gari lake linalia vipi, lini, kwenye mlima au tambarare, likiwa baridi au moto. Wengine hawakuwahi kuyatazama magari yao hivyo. Nimegundua kuwa nusu ya ugonjwa iko kwenye daftari kabla sijashika spana. Nimejifunza hilo kwako.

Mama yako,
Fundi

*

Zahanati
Jumapili, 28 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Kifuniko kipo kwenye gari. Nilihamisha nyaya moja moja huku mhudumu akinisomea barua yako kwa sauti. Nilipowasha, wote wawili tulitega masikio. Najua neno ambalo ungeliuliza kama ungekuwa mtu wa kuuliza: ananguruma sawasawa, mfululizo, kama cherehani ya mama mdogo akiwa na kitambaa kirefu.

Sikumpandisha mgonjwa. Nilipakia magunia manne ya mchanga na fundi baiskeli, ambaye aliomba aje ashuhudie. Tulipanda mlima asubuhi kwenye ukungu, gia ya tatu, bila kushtuka. Tukarudi, tukapanda tena. Siku tatu mfululizo. Jana nilifungua plagi ya tatu. Ni kahawia, kavu. Niliiweka kiganjani nikaitazama kuliko inavyostahili plagi kutazamwa.

Leo asubuhi nimepeleka hospitali mzee mwenye kifua. Dakika hamsini, mlango hadi mlango.

Mama, hukumwua mtu, lakini ungeweza, nami ningeweza. Nilisikia kikohozi chake siku ya kwanza nikaondoka hivyo hivyo, kwa kuwa wewe ulisema anaimba. Kosa lile tuligawane. Nimemweleza mume wa yule mwanamke ukweli wote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema amenielewa, ila ananiomba siku nyingine nikiwa na shaka na gari niseme kabla, si baada. Nimemwahidi.

Watu huku wamejua nilivyofundishwa. Fundi baiskeli amewatangazia. Sasa hawaniiti muuguzi. Wananiita mtoto wa fundi, na mimi naitika.

Lililobaki ni wewe. Mwezi ujao daktari wa masikio atakuja hospitali ile ya ng'ambo ya bonde kwa siku mbili. Huja mara chache. Lakini kabla hujamwona nataka nikutazame mimi, nikuandikie historia yako vizuri, asije akakuuliza akiwa amekupa kisogo. Huenda kuna kinachotibika. Huenda kuna kifaa cha kuvaa. Huenda hakuna. Sitakudanganya kwa lolote. Dereva wa lori la dawa anasema kiti cha mbele ni chako.

Mwanao,
Kitindamimba

*

Zahanati
Jumanne, 21 Mei

Mdogo wangu,

Nimefika. Mgongo umelalamika, mimi sijalalamika. Gereji waangalie wale wawili wasisahau daftari, na mwambie mwenye mabasi asubiri, simpi mtu mwingine gia boksi yake.

Mwanao alinipokea bondeni na Ajuza. Alitaka kunibeba kama yai. Nikanyoosha mkono, akanipa ufunguo, nikageuza kwanza upande wa hospitali. Nimeupanda mlima ule mwenyewe, mkono wa kulia kwenye usukani, wa kushoto kwenye gia na mara nyingine juu ya dashibodi. Dada yako anakwambia: zote nne zilikuwa zinapiga. Nilizihesabu mkononi. Mahali walipokwama sikuhitaji kuonyeshwa. Niliona njia ilivyopinda na nikajua. Nikasimama. Tulishuka, tukakaa pale kidogo. Kisha nikapanda hadi juu.

Sasa nikueleze cha leo, maana ndicho nilichoshika kalamu kwa ajili yake.

Asubuhi niliamka nikakuta veranda imejaa watu. Nikakaa mwisho wa benchi, nikawa natazama kupitia mlango. Unajua miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu kwamba huyu mtoto alikimbia kazi. Mdogo wangu, hakukimbia. Kila anayeingia humtazama kwanza anavyotembea. Anamwacha aseme mpaka amalize, wala hamkati. Anashika mkono, anafumba macho kidogo, anahesabu. Alimgonga mzee mmoja mgongoni kwa vidole viwili, hapa, hapa na hapa, akarudia pale pa tatu. Nikajua alichokuwa anatafuta kabla hajasema. Ni vile vile. Ni ile ile kazi yangu, ila hizi injini huwezi kuzizima ukazifungua.

Mama mmoja aliniuliza mimi ni nani. Nilimsoma mdomoni. Nikamwambia mimi ni mama yake muuguzi. Nililisema kwa sauti kubwa, naona, maana veranda nzima iligeuka.

Nilikataa kupitishwa mbele. Nilikaa kwenye foleni kama wengine, nasogea benchi nafasi moja moja hadi jua likafika miguuni. Zamu yangu ilipofika akatoka mlangoni, akaniita. Sikusikia. Yule mama akanigusa bega. Nikainuka, nikajifuta mikono kwenye gauni kwa mazoea, nikaingia, naye akavuta kiti akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha, mahali ambapo ningeuona uso wake.

Dada yako,
Fundi